Soko Lililofufuka Nyamsunga

Watu wa kwanza walichomoza ardhini asubuhi, jua likiwaka, wakiwa wameumbwa kwa nuru tupu. Alianza mwanamke aliyechutama kando ya chungu. Nyuma yake akatokea mwanamume mwenye mzigo begani, kisha wengine, na wengine tena, mpaka bonde zima la Nyamsunga likafurika watu waliokufa karne nyingi zilizopita.

Profesa Generoza Ntibakazi alijikuta ameketi chini bila kukusudia. Nusu ya umri wake alikuwa akitafiti historia ya biashara ya chumvi katika nchi za mto Malagarasi, akiokoteza vigae na masimulizi. Leo soko lenyewe lilikuwa mbele yake, likipumua.

"Mama Profesa, uko salama?" aliuliza Kheri Mlekwa, mhandisi aliyeiunda mashine iliyowafufua watu hao.

"Niache kwanza, mwanangu. Niache nitazame."

Mashine iliitwa kisomatabaka. Ilitembea kwa miguu sita kama mdudu, na tumbo lake lilimulika udongo kwa miale iliyotambua kila kilichowahi kuugusa: chumvi, jasho, majivu, unyayo. Akili yake ikaviunga vipande hivyo na kuwasimamisha watu wenyewe palepale waliposimama zamani. Ilisoma tabaka la juu, ikashuka la pili, ikazidi kushuka.

Generoza alistaajabu mpaka machozi yakamtoka. Vitabu, vyake vikiwemo, vilisema biashara hii ililetwa na misafara ya matajiri kutoka mbali. Kumbe chini ya nyayo za misafara walikuwapo tayari wanawake wa bondeni, wakichemsha maji ya chemchemi, wakibadilishana chumvi kwa samaki na majembe. Na chini yao, wengine. Soko lilikuwa kongwe kuliko falme zote alizozijua.

"Limebaki tabaka moja," Kheri alisema. "Sasa hivi utamwona aliyelianzisha."

Lakini katika tabaka walilokuwa wakilisoma, mwanamke mmoja hakuwa akichemsha chochote. Aliondoa mafiga, akachimba kwa mikono, akalaza shimoni kichanga kisichotikisika. Akafukia. Akarudisha mafiga mahali pake, akawasha moto, akabandika chungu.



"Yule mtoto yuko wapi sasa?" Generoza aliuliza.

Kheri aliinama, akachota kiganja cha vumbi la kijivu chini ya tumbo la mashine. "Miale huunguza kila inachokisoma, Mama. Nilikueleza."

"Ulinieleza habari za udongo."

Mashine ilinyanyua mguu, tayari kushuka.

"Izime," Generoza alisema.

"Tukiizima sasa, tabaka la mwisho litaingiwa na hewa. Halitasomeka tena, wala kwa mashine nyingine. Mama, huu ndio utafiti wako wote!"

"Najua. Izime, Kheri."

Kheri aliizima. Soko likatoweka kwa mkupuo mmoja, na bonde likabaki nyasi na upepo.

Generoza alikinga upindo wa kanga, Kheri akamimina lile vumbi. Wakachimba pamoja, wakalirudisha ardhini, wakafukia. Profesa hakujua watu wale walizikana kwa maneno gani, hakuna mwanachuoni aliyejua, na sasa hakuna ambaye angejua. Kwa hiyo alipiga magoti na kumwambia mama wa kichanga kile aliloweza.

"Pole, mama. Pole sana kwa msiba."