Kinanda Kisicho na Swichi

Saa tatu asubuhi.

Chumba cha nyuma cha duka la dobi. Chuma alitandaza ramani juu ya meza ya kupigia pasi, akajiona jemadari. Ramani yenyewe ilikuwa mistari mitano nyuma ya kalenda. Jina la Chuma alijipa mwenyewe.

"Saa saba mafundi wote wanapanda juu kula," alisema. "Mlinzi anabaki getini. Tunaingia karakana ya vinanda kwa dirisha, tunabeba kile kinanda kipya, tunatoka."

"Viko vitatu," alisema Shemeji. "Viwili ni maganda ya maonyesho, ndani havina kitu."

"Ndiyo maana nimekuleta. Kwani una faida gani nyingine?"

Dereva alicheka. Dereva hucheka kila Chuma anapomaliza kusema; hiyo ndiyo akili yake yote.

Shemeji, mume wa dada yake Chuma, alikuwa mpiga kinanda wa bendi iliyokwisha kufa. Mkewe alikuwa mjamzito, karibu kujifungua.

"Baada ya leo unatuacha kwa amani," alisema. "Mimi na dada yako."

"Si nimeshasema?" Chuma hakumtazama.

Saa saba na robo.

Karakana ilinuka nyaya zilizochomelewa. Vinanda vitatu vilikaa mezani, vimeunganishwa na spika kubwa. Viwili vya kwanza vilikuwa bubu. Cha tatu kilikuwa ubao wa mpira laini, hakina kitufe wala swichi. Shemeji alikigusa pembeni kwa kidole kimoja. Sauti nyembamba ikatoka. Alipokandamiza, ikanenepa, alipotelezesha kidole, ikapinda nacho. Maisha yake yote alihangaika na mashine za vitufe tele, na hii ilijua anachotaka kabla hajakitaka. Alijionea aibu kuja kuiiba.

"Ni hiki," alisema. "Ngoja nichomoe umeme."

Aliingia chini ya meza. Plagi ilikuwa mkononi tayari alipomsikia Chuma akimnong'oneza Dereva.

"Tukishatoka na mzigo, funga dirisha kwa nje. Kesi abaki nayo yeye. Dada nitamwambia kakimbia."

Dereva alicheka.

Shemeji aliiacha plagi ukutani, haijachomolewa. Akanyoosha mkono kwenye spika, akageuza sauti hadi mwisho.

Juu yake, Chuma alitoa leso ili afute alama za vidole. Kufuta alama kwenye kitu unachoondoka nacho! Miaka yote ya jela ilimfundisha hilo tu.

Akapangusa.

Kinanda kilinguruma hadi vioo vikatetemeka. Chuma akasugua kwa nguvu zaidi, akidhani ndivyo kinavyonyamazishwa, nacho kikapiga ukelele.

"Swichi iko wapi?"

"Hakina," alisema Shemeji kutoka chini.

Dereva alirukia dirishani bila kusubiri amri. Akakwama kiunoni, na mlinzi akamkuta hivyo. Mafundi walishuka ngazi mbio, mmoja bado ana kijiko mkononi.

Walilazwa kifudifudi, mikono imefungwa pingu nyuma. Mtoto wa Shemeji angezaliwa baba yake hayupo, na hilo lilimuuma kuliko pingu. Lakini mkewe angejua alipo.

"Plagi ilikuwa mkononi mwako," Chuma alifoka, shavu lake sakafuni.

"Ilikuwa."

"Mwendawazimu wewe. Sasa wote tumekwisha."

"Haya, shemeji," alijibu Shemeji. "Kamwambie dada yako nimekimbia."