Usipa Kwenye Maharage ya Edina

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Ottilia alimwagilia miche yake ya kahawa nyuma ya jiko. Aliiotesha mwenyewe, na baba yake alimwahidi kipande cha shamba cha kuipanda. Asubuhi moja ya Mei alikuta mbuzi wa majirani zao, kina Edina, amesimama katikati ya kitalu, anatafuna majani ya mwisho.

"Nilimfunga. Kuna mtu amekata kamba," Edina aliapa mbele ya wazazi.

"Mwongo! Nilikuona jana ukimwacha bila kumfunga, ukakimbilia kucheza rede!"

"Ottilia, usimsingizie mwenzako," baba yake alimkemea.

Ottilia alisaga meno. Moyoni alisema: Utalia, Edina. Utalia mbele za watu.

Nafasi haikuchelewa. Jirani yao, Bwana Sunil, alikuwa fundi kutoka Sri Lanka, wa mashine za kukoboa kahawa. Aliletwa Mbinga na wanunuzi binafsi walipoanza kuruhusiwa kununua zao hilo. Yeye na mkewe, Mama Nimali, walikuwa wafuasi wa Buddha, na mwezi mpevu wa Mei walisherehekea Wesaki, siku ya kumkumbuka Buddha. Mwaka huo Mama Nimali alipita kualika majirani.

"Ni sikukuu yetu kubwa, kama Krismasi kwenu," alisema. "Kila nyumba ilete chakula kidogo. Ila nawaomba, siku hiyo hatuli nyama wala samaki. Hatutaki kiumbe chochote kife kwa ajili yetu."

Nyumbani kwa kina Edina waliahidi maharage. Ottilia aliposikia hivyo, alichukua usipa wakavu, samaki wadogo walioletwa kutoka ziwani, akawatwanga hadi wakawa unga, akaufunga kwenye karatasi.

Siku ya sikukuu, watoto walitengeneza taa za mianzi na karatasi za rangi, wakazitundika barazani kwa Mama Nimali. Edina aliweka sufuria yake jikoni, akatoka kuwasaidia wenzake. Ottilia alibaki. Alifunua, akamimina unga wote, akakoroga. Akilini alikuwa akimwona Edina akizomewa na watu wote, na akajisikia vizuri.

Wageni walipoketi, Mama Nimali alimleta mama mkwe wake, bibi mwembamba aliyevaa nguo nyeupe.

"Bibi ndiye ataanza," alisema. "Tangu mumewe afariki hajaonja nyama wala samaki. Aliweka nadhiri kwa ajili yake."

Ottilia hakuwa amemfikiria bibi huyu. Edina alimpakulia maharage kwa heshima, na bibi akamshukuru kwa kuinamisha kichwa. Kijiko kikainuliwa.

"Bibi, usile!" Ottilia alipiga kelele. "Kuna usipa! Nimetia mimi!"

Mama yake alisimama, uso umemwiva kwa aibu. "Kwa nini, Ottilia?"

"Nilitaka Edina aonekane mbaya. Mbuzi wake alikula miche yangu, na hakuna aliyeniamini."

Edina aliinamisha macho, kisha machozi yakamtoka. "Sikumfunga mbuzi," alisema. "Niliogopa kupigwa."

Baba yake Edina aliahidi kuleta miche mingine, na baba yake Ottilia akamwomba binti yake radhi kwa kutomsikiliza. Lakini Ottilia hakufurahi kama alivyotarajia. Alipiga magoti mbele ya bibi.

"Nisamehe, bibi."

Bibi, ambaye hakujua Kiswahili, alimsikiliza Mama Nimali akimtafsiria. Akamwinua Ottilia, akampa sahani ya wali ampelekee Edina. Ottilia alisita, kisha akaipeleka kwa mikono miwili. Edina akaipokea.

Mama yake Ottilia alimwita binti yake kando. "Mwanangu, ulidhulumiwa, na hasira yako ilikuwa na sababu. Lakini ulipoamua kulipiza, ulimlenga Edina ukakaribia kumvunjia nadhiri mjane ambaye hajakukosea lolote. Ukionewa, sema, na usichoke kusema, hata kama hatukusikii mara ya kwanza. Leo ulisema ukweli ukijua utakuaibisha, na ndiyo maana tumekusikia."