Buna ya Denge Kwenye Mashine ya Ukaguzi

Uwanja wa ndege wa Isiolo si mkubwa, lakini siku ya safari hujaa watu, mabegi na makelele. Hapo ndipo Denge, mfanyabiashara wa ngamia, alipomwona Ruweida mara ya kwanza, miezi minane iliyopita: sare ya buluu iliyopigwa pasi, hijabu nyeusi, macho yasiyocheka na abiria. Alimwamuru atoe kila kitu mfukoni. Denge akatoa simu, funguo na miswaki mitatu, kisha akauliza, "Na moyo pia nitoe?"

"Huo wachia mamako," Ruweida akamjibu. Lakini siku hiyohiyo akampa namba yake.

Leo Denge alifika amechelewa, kanzu nyeupe, koti la kijivu, jasho limemjaa usoni. Jana kwenye simu alikuwa amesema, "Naenda tu Nairobi kuona mnunuzi, mpenzi." Tiketi aliyomwonyesha Ruweida ilisema mengine: Nairobi, kisha Mombasa, na katikati dakika arobaini pekee za kubadili ndege.

Begi likapita kwenye mashine. Ruweida akatazama skrini, akalifungua. Ndani mlikuwa na mfuko wa buna, zile punje za kahawa, tumbaku, na chupa kubwa ya samli. Mborana gani asiyejua maana yake? Hiyo ni posa. Wazee wakiipokea buna, msichana ameposwa.

"Siku hizi mnunuzi wa ngamia anapelekewa buna?" aliuliza. Wivu ulimchoma.

"Ruweida, niache nipite. Ile ndege ya pili itaniacha."

"Ikuache! Nani huyo wa Mombasa? Amenishinda na nini?"

Kinanu, msimamizi wake, akasogea. "Ruweida, kama ni mtu wako, toka hapo nimkague mimi. Watu wako kwa line."

"Mkague, madam. Mimi namuuliza tu."

Denge akashusha sauti. "Huko Mombasa ni kwa babako mdogo, Jattani. Leo baada ya adhuhuri kuna jamaa wa malori analeta buna yake. Anakuposa wewe. Wazee wangu wananingoja huko, lakini buna yetu ndiyo hii. Sikukuambia kwa sababu sikutaka ulie."

"Nilie?"

Wivu ulikwisha, hasira ikashika zamu. Tangu babake afariki, Ruweida ameisimamisha nyumba ya mamake kule mtaa wa Kiwanjani kwa kazi hii hii. Leo wanaume wawili wanakimbizana kumgombania, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza! Akatoka nyuma ya kaunta, akapiga simu, akaweka spika.

"Salaam aleikum, baba mdogo. Buna ya mwenye malori usiipokee. Ukiipokea, tafuta na bibi harusi, kwa sababu mimi siko."

"Wewe mtoto! Nani amekuambia? Hayo ni mambo ya wazee!"

"Na huyo mume ataishi na wazee?"

Simu ikakatwa. Kwenye foleni mama mmoja akasema, "Waambie, binti!"

Ruweida akamgeukia Denge. "Na wewe pia. Umekimbilia wazee kabla yangu. Niulize."

"Hapa? Mpenzi, ndege..."

"Hapa."

Denge akamkaribia. "Ruweida, unakubali nikuoe?"

"Nimekubali."

Alilisema neno hilo kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni, na furaha ikamjaa hata akasahau kwamba yuko kazini. Kinanu hakusahau. Aliiweka chupa kando. "Buna na tumbaku zipite. Samli inabaki, imezidi kipimo cha vitu vya majimaji."

"Buna bila samli ya kuikaangia?" Denge alishtuka. "Wazee watanicheka!"

"Mombasa samli iko," Ruweida alisema, akimfungia begi mwenyewe. "Kimbia. Ukikosa hiyo ndege ya pili, panda basi. Lakini hiyo buna usinirudishie."