Kiti cha Pili cha Kefa

"Kefa, shuka!"

Telesia alikuwa ameshika ubawa wa ndege kwa mikono miwili, injini ikinguruma.

Kefa, fundi seremala wa Njombe, aliketi nyuma ya tajiri wake, Bwana Harwood, mkulima Mwingereza aliyejiundia ndege ya mbao na turubai shambani kwake. Ilikuwa ya mtu mmoja. Mwaka huo wa 1954 walikuwa wameiongezea kiti cha pili, na mkaguzi wa serikali alikuwa bado hajakiona.

"Bwana, Kefa akiumia humo, bima itamlipa?"

"Bima ni ya kiti kimoja," Harwood alijibu. "Kibali cha kiti kipya kitakuja. Leo tunajaribu tu."

"Basi jaribu peke yako."

"Telesia, unaniaibisha!" Kefa alifoka.

"Heri nikuaibishe kuliko nikuzike. Harusi yetu ni mwezi ujao!"

Kefa aliteremka. Harwood akaruka peke yake, akazunguka, akatua salama. Vibarua wakaangua kicheko. Fundi anamwogopa mwanamke!

Kefa hakumsemesha tena mchumba wake. Kesho yake Telesia alipanda lori kurudi Makambako, kwenye zahanati alikofanya kazi.

Jumatatu Harwood akauliza, "Leo utapanda?"

Kefa alikitazama kile kiti alichokichonga mwenyewe. Hasira ilikuwa imekwisha, maneno ya Telesia yamebaki.

"Sipandi, Bwana, mpaka kibali na bima vitoke."

"Nitatafuta fundi mwingine."

"Mtafute, Bwana."

Fundi mwingine hakupatikana. Harwood, kwa shingo upande, akamwita mkaguzi. Mkaguzi akaagiza sakafu chini ya kiti iimarishwe. Kefa alikata, akagundisha, akabomoa, akaanza upya. Mwezi wa harusi ukapita. Hatimaye kazi ikapasishwa, na kampuni ya bima ikakubali watu wawili.

Ndege ilipotua Makambako, Kefa akiwa kwenye kiti cha pili, Telesia alitoka zahanatini mbio, kisha akasimama mbali.

"Kamwene," Kefa alimsalimu, akivua kofia. "Nilikukasirikia."

"Nilijua. Na ningekushusha tena."

"Ndiyo maana nimekuja."

"Umekuja kunirusha?"

"Hapana. Ndege irudi na mwenyewe. Nipeleke kwa baba yako, nimwombe radhi, tupange siku nyingine."

Telesia akamshika mkono, nyuma yao Harwood akiwasha injini.

"Twende kabla baba hajatoka shambani," alisema. "Na usianze kwa habari za ndege."