Mageni Anasikia

Mwaka 1953, katika kijiji kimoja jirani na Kharumwa, Mageni na mkewe Nyamizi walilima pamba na kufuga ng'ombe. Asubuhi moja Mageni alianguka ghafla zizini. Alipoinuliwa, mikono na miguu ilikuwa imelegea. Hakuweza kusema. Macho tu ndiyo yaliyocheza.

Tangu hapo watu walimwita marehemu, naye anapumua! Walibishana kando ya kitanda chake kana kwamba yeye ni gogo. Mdogo wake, Bujiku, ndiye aliyezidi. Alimleta mfumu, yaani mpiga ramli. Walichota mate yaliyomtoka Mageni, wakayatia katika mdomo wa kifaranga, kisha wakampasua kifaranga yule ili wasome matumbo yake.

"Aliyemroga analala humu ndani," mfumu alisema.

Bujiku akamgeukia Nyamizi. "Shemeji, umesikia. Kesho urudi kwenu."

"Na huyu nani atamlisha?"

"Huyu? Hajui lolote huyu."

Alisema hivyo mbele ya uso wa kaka yake! Nikisimulia kisa hiki, hasira inanipanda hata leo.

Nyamizi alikimbia kwa jirani yake Scolastika, nesi wa zahanati ya misheni. Scolastika alikuja naye palepale.

"Shikamoo, Baba Donatus," alimwambia mgonjwa, akimwita kwa jina la mwanawe.

Bujiku akacheka. "Unamsalimia nani?"

"Namsalimia mwenye nyumba." Scolastika akainama. "Baba, ukitaka kusema ndiyo, funga macho mara moja. Ukitaka kusema hapana, funga mara mbili. Unanisikia?"

Mageni akafunga macho mara moja.

"Mimi ni mkeo?" Scolastika akamjaribu.

Mara mbili.

"Nyamizi amekuroga?"

Mara mbili. Machozi yakamtiririka.

"Unataka aondoke?"

Mara mbili tena, kwa nguvu. Bujiku hakucheka tena.

"Hujarogwa, baba. Huu ni kiharusi," Scolastika alisema. "Mshipa wa damu kichwani umeziba au umepasuka. Wengi hupooza upande mmoja. Wewe umepooza mwili mzima, lakini akili yako ni nzima." Akamtazama Nyamizi. "Uji unampa akiwa amelala?"

"Ndiyo, dada."

"Atapaliwa. Mkalishe kwanza, umwegemeze. Mpe kidogo kidogo. Akikohoa, acha. Tena mgeuzeni mara kwa mara, usiku na mchana. Kesho tumpeleke kwa daktari. Bujiku, shika mabega."

Walipomgeuza, waliona kidonda kikubwa mgongoni. Ukoo mzima ulikuwa umekaa humo ukijadili uchawi, na hakuna hata mmoja aliyemwinua mgongo! Aibu iliyoje!

Bujiku alitazama kile kidonda. "Kaka, kinakuuma?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Mageni akafunga macho mara moja.

Nyamizi hakwenda kwao. Daktari alimtibu Mageni, naye Scolastika akawafundisha kukisafisha kidonda. Kila siku Bujiku alikuja kumgeuza kaka yake na kumkalisha nje barazani. Kidonda kilipona. Mageni hakutembea wala kusema tena, lakini hakuna ng'ombe aliyeuzwa kabla ya yeye kuulizwa.

Siku moja alifika mgeni kutoka Ushirombo. Alimpita Mageni bila salamu, akamwuliza Bujiku, "Huyu mgonjwa wenu anaendeleaje?"

Bujiku akamkazia macho.

"Yupo hapo," alisema. "Muulize mwenyewe."