Aliyeketi Kando ya Lela

Kwanza ilikuwa pumzi. Lela alikuwa akitazama filamu sebuleni, mguu wake wa plasta juu ya stuli, na mama wa kwenye filamu alipomzika mwanawe, mtu akashusha pumzi kando yake kwenye kochi. Mumewe, Saif, alikuwa dukani Eastleigh. Nyumba yao ya mtaa wa Fedha, Nairobi, haikuwa na mtu mwingine.

Akajiambia ni upepo wa dirishani.

Alikuwa ameanguka kwenye ngazi za ploti, jengo la ghorofa walimopanga, na daktari akamwamuru akae ndani mwezi mzima. Selpher, jirani wa mlango wa pili, alimletea mfuko wa riwaya na flashi iliyojaa filamu. Kimya cha mchana kilipomzidi, Lela akaanza kusoma kwa sauti, ili tu asikie mtu akizungumza. Jioni Saif alirudi amechoka, akala macho yakiwa kwenye simu, na kila Lela alipotaka kumsimulia aliyoyasoma, alimwambia kesho.

Siku moja baada ya adhuhuri alifunika kitabu katikati ya sura ili anywe maji. Harufu ya udi ikajaa sebuleni, udi uliochanganyika na uvundo wa nguo zilizosahauliwa ndani ya ndoo, na sauti nyembamba, isiyo ya kiume wala ya kike, ikauliza kutoka nyuma ya pazia: "Halafu?"

Alijaribu kuinuka, lakini mguu ulikuwa mzito kana kwamba umekaliwa. Akafunua kitabu, akasoma. Uzito ukapungua.

Tangu hapo jini huyo alikuja kila Saif alipotoka. Alicheka Lela alipocheka. Filamu ilipohuzunisha, alilia kwa kwikwi ndogo ndogo. Lela aliogopa, lakini hakumwambia mumewe, kwa maana alikuwa ameanza kumngoja.

Kisha jini akakataa kuachwa. Lela aliponyamaza ili ale, mguu uliwaka moto ndani ya plasta, na alipotaka kusinzia, vidole baridi vilimfungulia kope, na akasoma, akasoma hadi midomo ikapasuka na maneno yakatoka kama mchanga, huku ile harufu ikimsogelea shingoni na ile sauti, sasa iko sikioni kabisa, ikirudia swali lake kwa upole ule ule, halafu, halafu, halafu.

Selpher ndiye aliyempigia Saif simu.

"Shemeji, njoo," alinong'ona. "Mlango umefungwa kwa ndani, na humo kuna watu wawili. Mmoja anasoma. Huyo mwingine simjui."

Saif alivunja komeo. Alimkuta mkewe hana sauti, midomo ingali inacheza juu ya ukurasa, chai ya asubuhi haijaguswa. Kando yake mto wa kochi ulikuwa umebonyea, na hapakuwa na mtu.

Akamleta shangazi yake, Bi Afnan, ambaye watu wa Eastleigh humwita kuwasomea wagonjwa wa aina hiyo. Bi Afnan alifukiza ubani, akasoma aya hadi jasho likamtiririka. Pazia likavimba bila upepo, lakini mto haukuinuka. Akaacha kusoma.

"Hatoki," akamwambia Lela. "Wewe ndiye uliyemkaribisha, na wewe ndiye wa kumtoa."

Lela alitazama mto.

Saif akapiga magoti mbele yake. "Anakupa nini, Lela?"

"Ananisikiliza."

Saif akainamisha kichwa. Lela aliutazama utosi wake kwa muda, kisha akafunga kitabu kilichobakiza sura nzima. "Ondoka," akasema kwa sauti iliyokwaruza. "Hadithi imekwisha."

Kilio kikapita chumbani, kirefu, kama cha mtoto anayenyang'anywa titi. Mto ukainuka pole pole. Harufu ikapungua, ikaisha.

Jioni iliyofuata Saif aliiacha simu chumbani, akaketi kochini na kumwomba mkewe amsomee. Lela akasoma. Kwenye ukurasa wa nne, kichwa cha Saif kilikuwa kimeangukia kifuani. Uchovu wa siku ulikuwa umemchukua, hakukusudia. Lela alimfunika kwa leso. Akatazama pazia, lililokuwa limetulia tuli.

Kisha akaendelea kusoma, kwa sauti, taratibu, kama mtu anayemsomea msikilizaji aliye macho nyuma ya pazia.