Mwewe wa Shangazi

Jioni ile nilikuwa natoka dukani na mche wa sabuni na balbu mbili. Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika kumi. Nina hakika, kwa sababu hutazama saa kila ninapoingia getini. Ni tabia ya watu wenye wasiwasi.

Msimamizi wa jengo letu alikuwa amekaa ngazini, mbele ya mlango wangu. Kichwani alikuwa amevaa sufuria, kaifunga kwa kamba chini ya kidevu.

"Mwanangu," akaninong'oneza, "ule mkasi bado unao?"

Jengo zima tulimwita Bwana Kufuli. Alifunga bomba la uani, alifunga choo cha nje, alifunga hata pipa la taka. Jirani yangu, Mama Pacha, alizoea kusema kwamba ipo siku atajifungia mwenyewe halafu asahau ufunguo. Tulicheka sana. Hiyo ilikuwa kabla shangazi yangu hajafa.

Shangazi alikuwa mshonaji. Alinilea na kunisomesha kwa cherehani moja. Kila jioni alipanda paani na mfuko wa mapafu ya ng'ombe kutoka buchani, akayakatakata kwa mkasi mkuukuu wa vitambaa. Mwewe wa mtaa mzima, wale wanaokaa juu ya minara ya simu na kwenye mabango, waliujua mlio wake. Kwachu, kwachu. Walishuka wakajipanga ukingoni kimya, kama wateja wanaosubiri zamu.

Miezi mitatu kabla ya jioni ile nilisafiri kikazi. Ijumaa jioni shangazi akapanda paani. Bwana Kufuli akafunga mlango wa chuma wa kule juu. Akaufungua Jumatatu.

"Sikujua kama kuna mtu," aliwaambia watu.

Jua lilikuwa kali siku zile, na paani hakuna kivuli. Maji yapo, lakini matangi nayo yana kufuli. Waliomkuta walisema mwewe walikuwa wamemzunguka, mabawa wazi, wakimkinga uso. Hawakuwa wamemdonoa popote. Kila mtu alizungumzia mabawa. Mimi, niliporudi, niliangalia mkono wake wa kulia. Ngozi ya vifundo vya vidole ilikuwa imekwisha.

Alibisha. Na kutoka mlango ule hadi chumba cha Bwana Kufuli, anayekaa peke yake ghorofa ya juu, ni ngazi sita tu. Nimezihesabu.

Alimsikia, au hakumsikia? Kwa miezi mitatu nililala na swali hilo, nikaamka nalo.

Mwewe nao hawakumsahau Bwana Kufuli. Kila alipopanda kufungua koki ya maji walimshukia yeye, yeye peke yake. Sikio la kushoto walikuwa wamelipasua vipande viwili.

"Watu hawana maji siku ya tatu leo," alisema pale ngazini. "Mwenye jengo kaniambia koki isipofunguliwa, nifungashe. Wewe wanakujua. Wakiusikia mkasi watatulia."

"Na sufuria?"

"Ya tahadhari."

Nikaingia ndani, nikautoa mkasi.

Paani kulinuka damu kavu na manyoya yaliyolowa. Walikuwepo tayari. Thelathini na mmoja. Nilihesabu mara mbili. Hakuna aliyelia. Hakuna aliyepepesa.

Kwachu… kwachu… kwachu.

Bwana Kufuli akanyata hadi kwenye tangi, akainama, akafungua kufuli, kisha koki. Maji yakaanza kuguruma bombani.

"Shangazi alibisha?" nikamuuliza.

"Mwanangu, tushuke kwanza."

Nikapunguza mwendo wa mkasi. Kwachu… Kimya… Kwachu.

Mwewe mmoja akaruka, akatua juu ya tangi. Akainamisha shingo, akamtazama kwa jicho moja.

"Alibisha," akanong'ona.

"Lini?"

"Jumamosi kutwa. Na Jumapili asubuhi."

"Ukafanya nini?"

"Tulikuwa tumekosana. Yale mapafu aliyokuwa akiwatupia hawa, mabaki yake yaliziba mabomba… Nilitaka nimtie adabu kidogo tu. Nikaongeza sauti ya redio." Akaikaza kamba ya sufuria. "Baadaye akanyamaza. Nikadhani kachoka."

"Alichoka," nikasema.

Nikaacha kukata.

Nilirudi nyuma hatua nne, nikavuka kizingiti, nikauvuta mlango. Kufuli lilikuwa linaning'inia na ufunguo wake.

Nikafunga.

Nilikusudia dakika kumi. Nimtie adabu kidogo tu. Nikakaa ngazini, saa mkononi, nikamsikiliza akibisha. Mara tatu… kimya… mara mbili. Halafu mabawa, mengi, kama mashuka yanayokung'utwa kwa pamoja.

Halafu mkasi.

Kwachu, kwachu, kwachu. Upande wa pili wa mlango. Upesi, kwa mkono uliozoea kazi.

Wangu ulikuwa mapajani mwangu.

Dakika kumi zilipotimia nilifungua. Hakukuwa na ndege hata mmoja. Maji yalikuwa yanaingia matangini. Nguo za Bwana Kufuli zilikuwa pembeni, zimekunjwa jinsi shangazi alivyokunja nguo za wateja wake: mikono ndani, kola juu. Sufuria ilikuwa juu yake, safi. Nilichungulia chini pande zote nne za jengo. Watu walikuwa wanapita na shughuli zao.

Polisi waliandika kwamba amehama bila kuaga. Mwenye jengo akanikabidhi mimi ufunguo wa paani, kwa kuwa mimi mwewe hawanigusi. Napanda kila jioni kuwalisha, na kila jioni natazama nyuma ya kila tangi. Simkuti mtu. Nikishashuka na kufunga, ndipo hodi inapoanza.

Jana Mama Pacha alinikuta ngazini. Alikuwa ametoka kuchota maji, kaweka ndoo chini apumzike.

"Hivi nani anabisha huko juu jioni jioni?"

"Mwewe."

"Tangu lini mwewe wakabisha hodi?"

"Wa hapa wanabisha, mama."

Alinitazama. Kisha akainua uso, akatega sikio kwa muda mrefu.

"Mbona huyu anaomba maji?"

Nikainama, nikamtwisha ndoo yake iliyojaa pomoni, nikamshika kiwiko, nikamsindikiza taratibu hadi mlangoni kwake. Halikumwagika hata tone.